GARI LA WAYA NALO LATAKA ARDHI YAKE

(Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Wako watu wasemao kwamba kijana aliyefika sekondari hafai tena kuonekana na gari la waya mkononi. Husema ati huo ni mchezo wa watoto, na mwenye kuufuata atabaki nyuma katika Hesabu na Kiingereza. Mimi naona sivyo. Hasara ninayoiona ni kwamba magari yetu ya waya, mabasi yetu ya maboksi na nyumba zetu za vijiti hukaa juu ya meza tupu kama vitu visivyo na kwao, kisha muhula ukiisha hutupwa jalalani. Nawaomba wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu, tuvitengenezee mandhari, yaani kipande kidogo cha nchi cha kuvisimamishia, halafu tuvipige picha zibaki.

Kazi hii ina jina lake, dayorama, na ina historia ndefu. Mfaransa Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walifungua nyumba ya dayorama mjini Paris mwaka 1822, watu wakalipa kiingilio ili kutazama picha kubwa ambazo mwanga wake uligeuzwa hata mchana ukawa usiku. Daguerre huyo huyo ndiye ambaye njia yake ya kupiga picha ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839. Basi mandhari ya kuigiza na kamera ni ndugu wa baba mmoja.

Tena iko habari inayotuhusu zaidi. Mwaka 1926 Mmarekani Carl Akeley alikwenda milima ya Virunga, mashariki ya Kongo, pamoja na wachora picha, ili waige makao ya gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alifia huko huko, akazikwa mtelemkoni mwa mlima Mikeno. Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa mwaka 1936, nao una mandhari 28 za wanyama wa Afrika. Watu hao walivuka bahari ili wapate sura halisi ya milima ya huku. Je, sisi tuishio huku tutosheke kutazama picha za vijiji vya Ulaya vyenye theluji?

Sasa nieleze kazi yenyewe, asije mtu akasema ni ngumu.

Kwanza ni kipimo. Nashauri moja kwa hamsini, maana hesabu yake ni nyepesi. Mtu wa sentimita 170 atakuwa sentimita 3.4, basi la mita 12 litakuwa sentimita 24. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000, kwa hiyo kwetu itakuwa milimita 20. Reli mpya ya treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435, nayo itakaribia milimita 29. Mwanafunzi aliyezilaza reli hizo mbili kwa mkono wake hataulizwa maana ya uwiano akakodoa macho.

Pili ni kitako. Kipande cha plaiwudi cha sentimita 60 kwa 40 chatosha. Vilima hufanywa kwa yale maboya meupe mepesi yanayokinga televisheni mpya isivunjike. Hukatwa kwa kisu, yakabandikwa kwa gundi ya mbao, yakafunikwa vipande vya magazeti vilivyolowekwa katika uji wa unga wa ngano. Yakikauka, pakaa gundi na unyunyize udongo. Udongo tunao mlangoni, na jirani zetu wa Pugu wanao hata ule mweupe wa kaolini. Lakini uuchekeche kwanza kwa chujio la chai, maana punje ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 5 kwa kipimo chetu. Punje za namna hiyo zafaa kuwa kokoto za reli; haziwezi kuwa vumbi la uwanja. Kisha dondoshea gundi iliyozimuliwa kwa maji na tone moja la sabuni ya vyombo, ili ipenye ndani. Bati la nyumba nalo halinunuliwi: bandua ngozi ya juu ya boksi, utaona mikunjo ile ile ya bati. Miti ni mizizi midogo iliyokauka, na majani yake ni sponji kuukuu iliyokatwakatwa ikatiwa rangi.

Tatu ni picha. Wengi hupiga wakiwa wamesimama, na gari huonekana ni la kuchezea tu. Kamera yapaswa ishuke hata kimo cha macho ya yule mtu wa sentimita 3.4. Ukiigeuza simu juu chini, jicho lake hukaribia ardhi. Usisogee mno, maana sehemu moja itakuwa wazi na nyingine ukungu. Afadhali urudi nyuma, kisha uipunguze picha pembeni. Jua la saa sita hapa kwetu hukaa utosini na vivuli hupotea, basi piga saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Mbingu hatuna haja ya kuichora: weka kitako juu ya dawati uwanjani, na miembe ya mbali iwe nyuma yake.

Nimefika kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Gongo la Mboto yabadilika mbele ya macho yetu. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika maghala ya kambi ya jeshi hapa hapa. Watu wasiopungua 20 walikufa na maelfu walikimbia makwao. Sisi wanafunzi tulikuwa wachanga au hatujazaliwa. Wazazi hutusimulia kwamba hapa palikuwa na duka, pale palikuwa na mkorosho, na njia ya kukimbilia ilipita kule. Nao huonyesha kwa kidole mahali ambapo leo pana ukuta. Lau tungekuwa na mfano wa mtaa juu ya kitako, mzazi angeinama akasema, "La, mwanangu, mti ulikuwa upande huu," nasi tungeusogeza. Historia hiyo haimo katika vitabu vyetu, na wanaoijua hawatakuwapo daima.

Atakayesema fedha hakuna, nimemwonyesha kwamba sehemu kubwa ya vifaa hutupwa kila siku. Atakayesema muda hakuna, akumbuke kwamba mtaala mpya wenyewe umetaka vijana wafundishwe amali. Na mzazi anayeogopa mwanawe atapotea katika michezo, namwomba amtazame mwanawe huyo akipima, akigawanya na kuuliza wazee. Atakuwa anasoma bila kuhimizwa.

Maombi yangu ni matatu. Tupewe kabati moja lenye kufuli ili kazi zisiharibiwe. Tupewe Jumamosi moja kila mwezi, pamoja na mwalimu wa kutusimamia. Na Mhariri wa gazeti hili atenge nafasi kila muhula kwa picha moja iliyo bora, na chini yake liandikwe jina la mtaa ulioigwa na la mzee aliyetueleza, akiridhia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuanze na kwetu: stesheni yetu, vibanda vyetu, vilima vya Pugu. Mwenye maoni mengine naye alete kalamu yake. Nitafurahi kumsoma muhula ujao.