Simu kibao, mikono sifuri

Nina video kwa simu yangu ambayo sitawahi kuposti. Ni ya sekunde 41.

Mnajua ile baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba, ukungu umekalia mji mpaka saa sita. Nilikuwa steji moja hapa town nangoja mat ya Karatina, simu mkononi, narekodi vile watu wamejifunga mashuka kama wagonjwa. Mzee mmoja wa koti la kijivu akaanguka. Hakuteleza. Alidondoka tu, kama koti limetoka kwa msumari.

Tukamzunguka. Mama mmoja akasema ni kifafa. Konda akapiga kelele, "Mpeni hewa!" na hakuna aliyesonga. Jamaa akafungua chupa ya maji akamwagia mzee usoni. Mwingine akasema, "Ako sawa, si mnaona anapumua?" Kwa sababu mzee alikuwa anavuta pumzi moja, ananyamaza, anavuta tena, kama mtu anakoroma.

Na mimi? Nilisogeza picha karibu ili uso uonekane vizuri.

Mwishowe wakamtupia kwa mat wakaenda naye hospitali. Jioni konda akatuambia hakufika. Usiku nikaangalia ile video tena. Nikahesabu simu zinazoonekana: tisa. Ya kumi ni yangu. Halafu nikahesabu mikono iliyokuwa juu ya kifua cha mzee. Sifuri.

Kwa hivyo kabla mniingilie kwa komenti, leo sijakuja kuwahubiria nikiwa msafi. Nimekuja kama mmoja wa wale kumi.

Sikujua wakati huo kwamba ule mkoromo haukuwa kupumua. Moyo ukisimama ghafla, mwili unaweza kuendelea kuvuta hewa hivyo vibaya vibaya kwa dakika kadhaa. Ukiona mtu ameanguka, ukimwita haitiki, na anapumua kama samaki ametolewa majini, huyo hayuko sawa. Moyo wake hausukumi damu. Kuanzia hapo saa inahesabu: kila dakika inayopita bila mtu kumkandamiza kifua, nafasi yake ya kupona inashuka kwa kama asilimia 7 hadi 10. Ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi.

Sasa fikiria jiografia yetu. Mtu ameanguka Naro Moru, au Endarasha, au ndani kabisa Mukurwe-ini kwa barabara ya matope. Niambie ni ambulensi gani itamfikia kwa dakika nne. Hata hapa town, toka Kamakwa mpaka Referral wakati wa jam, hakuna dereva wa hiyo kazi. Hizo dakika za kwanza si za daktari. Ni zako wewe uliyesimama hapo na simu.

Na msiniambie hii ni shida ya wazungu. Serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote Desemba 2018, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Sisi tulichaguliwa kwa sababu ya presha na sukari. Hiyo ndiyo CV yetu. Uliza nyumbani kwenu leo, shosh anameza vidonge vya nini asubuhi. Presha isiyotunzwa inachosha moyo, na moyo uliochoka siku moja unaweza kukata stima bila ilani. Ukiwa na miaka 22 unaona haikuhusu, lakini mtu atakayeanguka mbele yako kuna uwezekano mkubwa ni mtu unayemwita baba, guka au cucu. Mara nyingi moyo husimama nyumbani, si barabarani.

15 Oktoba 2025 nchi nzima ilijifunza jina la mji wa Koothattukulam, kule Kerala, India. Raila Odinga alikuwa kwa matembezi ya asubuhi, akaanguka. Waliokuwa naye wakamfanyia CPR, akakimbizwa hospitali, na hakurudi. Hata huku mlimani, ambako tumebishana naye miaka yote, siku hiyo kila mtu alikuwa kimya kwa mat. Na wiki hiyo kila mtu aligeuka mtaalamu wa moyo. Ghafla wote tunajua kusema moyo umesimama. Kesho yake, 16 Oktoba, ilikuwa siku ambayo dunia imetenga kufundisha watu wa kawaida kuamsha moyo. Ulisikia mtu yeyote akiitaja? Tulilia, tukabadilisha picha za profaili, tukarudi kwa meme.

Najua kuna mmoja ashaandika: "Sasa Raila alikuwa na daktari karibu na bado akafa. CPR ni ya nini?" Swali zuri, nitalijibu bila kuzunguka. CPR si muujiza. Wengi wanaofanyiwa bado wanakufa. Lakini wasiofanyiwa chochote wanakufa karibu wote. Raila alipewa nafasi yake. Mzee wa koti la kijivu hakupewa yake, na tulikuwa watu zaidi ya ishirini.

Mwenye kupenda mpira anakumbuka 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark na Finland. Christian Eriksen anaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Wachezaji wenzake wakamfikia, madaktari wakaanza kumkandamiza kifua, wakatumia mashine ya kushtua moyo. Akaamka. Ndiye huyo baadaye alikuja kuvaa jezi ya Man U mkamtukana kila wikendi. Juni 2024 akafunga bao kwenye Euro. Sasa kumbuka wachezaji wa Denmark walifanya nini wakati anahudumiwa. Walimzunguka, wakampa mgongo, wakaangalia nje, ili kamera zisimpate.

Sisi pia tuliunda mduara pale steji. Wetu ulikuwa umeangalia ndani, na ulikuwa na simu kumi.

Usidhani wale wamezaliwa na roho nzuri kuliko sisi. Wamefundishwa. Denmark iliweka mafunzo haya kwa shule za msingi mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikasema hupati leseni ya gari bila kozi ya huduma ya kwanza. Mwaka 2001, kati ya watu waliosimama moyo nje ya hospitali, kama asilimia 21 tu walisaidiwa na mpita njia. Kufika 2010 ilikuwa karibu asilimia 45. Na waliokuwa hai baada ya siku 30 walitoka asilimia 3.5 wakafika 10.8. Mara tatu! Mafunzo hayakuwa kitu pekee kilichobadilika, lakini watu wa kawaida kukubali kuchafua magoti kilikuwa sehemu kubwa.

Mimi nilisomea kuendesha gari hapa hapa. Nilisukuma kale kagari ka plastiki kwa ubao wa Model Town mpaka nikaota naliegesha. Hakuna siku mtu alinionyesha kifua cha binadamu kinakandamizwa vipi. Nikapewa leseni ya kubeba watu ambao siwezi kuwaokoa.

Na hii inaniuma zaidi kwa sababu ya mahali tunaishi. Yule mzee aliyeanzisha Skauti duniani, Baden-Powell, alimalizia maisha yake hapa Nyeri, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko hapa town. Watu wanapanda ndege kuja kulisalimia. Maisha yake yote aliwaambia watoto kitu kimoja: kuwa tayari. Tumekaa na huyo mtu miaka zaidi ya themanini na hatuko tayari kwa lolote isipokuwa mazishi.

Ndiyo, nimesema. Sisi kwa mazishi ni wataalamu. Mtu akifa asubuhi, kufika jioni kuna kundi la WhatsApp, kuna mweka hazina, tenti imelipiwa, kuna mtu wa mukimo na mtu wa kuchapisha programu ya rangi. Ndani ya siku tano tunachanga laki tatu. Hatujawahi kukosa mpango wa kumzika mtu. Mpango wa zile dakika nne za kumzuia asizikwe, hatuna. Hatujawahi hata kuuongea.

Visingizio navijua, nilivitumia vyote.

"Mimi si daktari." Hata mimi. Nilitoka campo mwaka wa pili karo ilipogoma, na mnanikumbusha kwa kila posti. Sawa. Hii kitu haitaki digrii. Inataka mikono miwili na kuhesabu mpaka thelathini.

"Nitamvunja mbavu." Inawezekana. Mbavu zinapona. Mtu ambaye moyo umesimama yuko njia ya kufa, huwezi kumharibia siku zaidi ya hapo.

"Polisi wataniuliza maswali." Labda utaandika taarifa. Itachukua saa moja ya maisha yako. Mwenzako anapoteza yote.

"Ni mwanamke, watu watasema namshika kifua." Hapa wanaume tuongee wazi. Utafiti wa nje umeonyesha wanawake wanaoanguka hadharani husaidiwa mara chache kuliko wanaume, na aibu ni sababu moja. Huyo anaweza kuwa dada yako kwa steji ya watu wasiomjua. Ungetaka waone haya?

Basi soma hii mara mbili.

Mtu ameanguka. Angalia kwanza gari haliji kukugonga na wewe. Mguse mabega, mwite kwa sauti. Haitiki, na hapumui vizuri? Usiseme "mtu apige simu", kwa sababu mtu ni hakuna mtu. Onyesha kidole: "Wewe wa kofia nyekundu, piga 999 au 112 sasa hivi." Kuna pia Msalaba Mwekundu, 1199. Mwambie mwingine atafute gari na aulize kama kuna mashine ya AED karibu. Mashine hiyo ikifunguliwa yenyewe inakuambia ufanye nini.

Wewe shuka magoti. Mlaze chali mahali pagumu, si kwa kiti cha mat. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, tumia uzito wa mwili. Sukuma chini sentimita tano hadi sita, achilia kifua kirudi juu kabisa, sukuma tena. Mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwendo ni ule wa "Baby Shark", cheka ukimaliza. Kama umefunzwa kupuliza hewa, ni misukumo 30 kisha pumzi mbili. Kama hujafunzwa, sukuma tu bila kuacha. Mtoto, au mtu aliyetolewa majini, yeye anahitaji pumzi pia, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda kujifunza vizuri. Utachoka haraka kuliko unavyodhani, kwa hivyo badilishaneni kila dakika mbili. Mnaendelea mpaka aamke au wenye kazi wafike. Kama ni lazima abebwe kwa gari, wa kuendelea kusukuma aingie naye.

Hiyo aya moja haitoshi, na sitaki mtu aseme amefuzu kwa kusoma posti. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanafundisha huduma ya kwanza. Nendeni kama kundi. Watu wa boda, nyinyi mko kila kona kabla ya ambulensi yoyote. Steji moja ikiwa na wawili wanaojua, mtaa mzima umepona. Sacco za mat, lile sanduku la huduma ya kwanza lililo chini ya kiti halina maana kama konda hajui kulitumia. Wasee wa DeKUT na KMTC, mna kumbi na mna Jumamosi. Makanisa, mna watu mia tatu kila Jumapili na nusu yao wana presha. Chama cha mama yako kinakutana kila mwezi. Toeni saa moja tu kati ya zile za kusomewa kumbukumbu za mkutano uliopita.

Mimi nilienda. Siku ya kwanza nilisukuma mwanasesere dakika mbili nikatoka jasho kama nimepanda Nyeri Hill mbio. Nikafikiria yule mzee alikuwa mwembamba vipi. Ningeweza.

Video bado iko. Sijaifuta kwa sababu nikiifuta nitasahau nilikuwa nani siku hiyo. Najua zingine tisa ziko kwa simu za watu wa mji huu, na labda mmoja wenu anasoma hapa. Sikulaumu. Lakini ukienda kujifunza, nitumie ujumbe uniambie tu, "Wa pili ni mimi." Nataka kuhesabu upya.