Msaada unapungua: anayeshindwa kuzuia mkojo achague kifaa gani?

Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda hawatapata tena msaada wa chakula kwa sababu ya uhaba wa fedha. Tangu hapo, mazungumzo mengi Nakivale, Kyaka II na Kyangwali yamekuwa juu ya unga na maharage. Lakini kuna hitaji jingine ambalo watu huona haya kulitaja mkutanoni, nalo ni la mtu mzima ambaye mkojo au haja kubwa humtoka bila kujizuia.

Kama ni wewe, au ni mama yako, au ni mume wako, jambo la kwanza ni hili: hiyo si laana, wala si uchafu. Humpata mama aliyezaa kwa shida, mzee mwenye tezi dume, aliyepata kiharusi, mwenye kisukari na aliyeumia uti wa mgongo. Huwapata wakimbizi na wenyeji vilevile.

Kwa nini hawaonekani kwenye mgao?

Mwongozo wa Sphere wa mwaka 2018, ambao mashirika ya misaada hutumia kupanga huduma, unawataja watu hawa, wanaume na wanawake. Kwa anayetumia nepi za kutupa, unakadiria nepi 150 kwa mwezi. Unataja pia njia za kufua, pamoja na sabuni ya ziada: gramu 500 za kuogea na gramu 500 za kufulia kila mwezi.

Hata hivyo, mgao wa vifaa vya usafi kwa kawaida huhesabu wanawake na wasichana walio katika umri wa hedhi. Babu wa miaka 70 hayumo. Bibi aliyekoma hedhi hayumo. Kwa hiyo bajeti inapokatwa, hakuna anayelalamika kwa niaba yao, maana hawakuwa kwenye orodha tangu mwanzo.

Fanya hesabu kabla ya kununua

Nepi 150 kwa mwezi ni 5 kwa siku. Uliza bei dukani, kisha zidisha. Tuseme moja ni shilingi 2,500 za Uganda: kwa siku ni 12,500, kwa mwezi ni 375,000. Pakiti ya nepi 10 inaisha kwa siku mbili. Kwa familia nyingi, nepi ya kutupa haiwezi kuwa ya kila siku. Iwekee siku ya safari, ya hospitali au ya kupanga foleni ya uhakiki.

Chagua kulingana na hali

Mkojo ukitoka matone tu unapokohoa au kubeba jerikeni, kitambaa cha pamba kilichokunjwa ndani ya chupi kinaweza kutosha. Pedi ya hedhi husaidia kidogo tu. Imetengenezwa kwa damu, ambayo hutoka polepole, na mkojo mwingi ukija kwa haraka utapita pembeni.

Mkojo ukitoka mwingi, tumia chupi ya kufua yenye tabaka nene za kunyonya, au vitambaa vya pamba pamoja na kifuniko kisichopitisha maji. Utahitaji seti za kubadilisha, maji, sabuni na jua. Usivianike chini ya kitanda kwa kuona haya. Kitambaa chenye unyevu huleta harufu na vipele. Ukitaka kuvificha, tandaza kanga nyepesi juu yake kwenye kamba.

Anayehisi haja lakini hawezi kufika chooni kwa wakati huenda hahitaji nepi kabisa. Ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, kiti imara kilichotobolewa katikati au kopo la mkojo vinaweza kumsaidia zaidi, hasa usiku.

Kwa asiyeinuka kitandani, tandika plastiki juu ya godoro, kisha shuka. Plastiki isigusane na ngozi. Mgeuze mara kwa mara asipate vidonda. Nepi ichaguliwe kwa kipimo cha kiuno na nyonga. Ikiwa kubwa mno, itavuja. Haja kubwa ikitoka, mbadilishe mara moja, mwoshe, mkaushe na umpake mafuta ya mgando kidogo.

Nepi iliyotumika usiitupe chooni, kwani shimo hujaa haraka. Ifunge, uiweke kwenye shimo la taka lililofunikwa. Na usiache kunywa maji ili mkojo upungue. Mkojo mzito huwasha kibofu na ngozi.

Kifaa si dawa

Mama ambaye mkojo ulianza kumtoka mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, na nepi haitaiponya. Nenda kituo cha afya uombe rufaa. Nenda haraka pia kama tatizo limeanza ghafla, kuna damu au homa, mkojo umeziba, au miguu inakufa ganzi.

La kufanya sasa

Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au mwenyekiti wa eneo lako unayemwamini. Unaweza kumwomba mkazungumze faragha. Omba uandikishwe kwenye orodha ya watu wenye mahitaji maalumu, na utaje kitu chenyewe: sabuni ya ziada, kitambaa cha pamba, plastiki ya godoro, ndoo. Vitu hivi ni rahisi kupatikana kuliko nepi 150 kila mwezi, hata wakati huu wa ukata.

Na wewe kiongozi wa eneo, usisubiri wajitaje hadharani. Pita nyumba za wazee na wagonjwa, uulize kwa staha, upeleke idadi bila kutangaza majina. Mgao hupangwa kwa idadi, na asiyehesabiwa hukosa.