Mgeni wa Kigoma Aonyeshwe na Milima

Mgeni ashukaye katika stesheni ya Kigoma huonyeshwa ziwa, mnara wa Ujiji na njia ya kwenda Gombe. Yote ni mema kuyaona. Ziwa Tanganyika, lenye kina kipatacho mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina. Ujiji ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Na Gombe ndiko Jane Goodall alikoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Lakini maelezo hayo humfanya mgeni adhani kuwa Kigoma ni mji wa wapita njia, usio na wenyewe.

Ndugu zetu wa Visiwani si wageni kabisa Ujiji. Misafara ya pembe na ya watumwa, iliyopata fedha zake Unguja, ilipita hapo kwenda Manyema, ikaacha nyuma lugha, dini na miembe. Msiba wa wale waliofungwa minyororo nao usemwe, hata kama unaudhi.

Wasichokijua wengi, wakiwamo maofisa waliohamishiwa huku, ni habari za Heru Juu na nchi ya milimani ya Kasulu na Kibondo. Huko ndiko kwenye asili ya utawala wa Heru, ambao Mwami wake mmoja, Theresa Ntare, alikuwa mwanamke. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari ilipata mlango wa baharini. Buha nayo ikapata mlango wa kutolewa vijana wake. Wakati wa Waingereza, Waha kwa maelfu walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Wapo ambao hawakurudi. Meli ya Liemba, iliyozamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, inajulikana ulimwenguni kuliko watu hao. Chuma kimepata heshima kuliko jasho!

Tunawaomba wanaoshughulikia utalii na utamaduni mkoani waweke bango pale stesheni, lisemalo habari za manamba. Waelezeji wachukuliwe pia kutoka milimani, na mgeni mwenye nafasi apandishwe Heru Juu, akaone mashamba ya maharage yanayouzwa sokoni kando ya dagaa na migebuka. Bango liandikwe kwa Kiswahili kwanza, na wazee wa Heru Juu walisome kabla halijapigwa rangi ya mwisho.