Tusingoje Mauzo Ndipo Tushukuru

Tumbaku ikiwa bado kwenye bani la kukaushia, ahadi tunazomwekea Mungu huku Kaliua huwa nyingi sana. Mauzo yakienda vizuri nitatoa shukrani. Deni la mbolea likiisha nitarudi kwenye kwaya. Mtoto akifaulu nitasimama mbele ya watu nimtaje Bwana. Ndugu zangu Wakristo, hebu tuseme ukweli: hayo ni masharti, na anayewekewa masharti hayo ni Muumba. Tumemfanya Mungu kama mnunuzi wa sokoni. Akipanga bei nzuri tunamsifu, akipanga mbaya tunanuna na kurudi nyumbani na robota letu.

Nasema tusingoje. Kwa kutafuta mashahidi, hatuna haja ya kwenda mbali na wilaya yetu.

Ulyankulu iko hapa hapa. Watu wa makazi yale walifika wakikimbia mauaji yaliyotokea Burundi mwaka 1972. Waliacha mashamba na makaburi, na wengi hawakujua kama ndugu zao wako hai. Walipewa msitu wa miombo, wakaufyeka, wakajenga, wakalima mahindi na tumbaku. Vijiji vyao vilitajwa kwa namba za barabara, na katika barabara moja ikatokea kwaya iliyosikika Afrika Mashariki yote: Kwaya ya Barabara ya 13. Kanda zake zilipigwa kwenye nyumba za watu ambao hawajawahi kuiona Tabora. Sasa ewe unayengoja mambo yako yanyooke, kumbuka kwamba vyeti vya uraia kwa wakimbizi wale wa 1972 vilianza kutolewa mwaka 2014. Miaka arobaini na zaidi! Kama wangengoja kwanza wapate nchi ya kuiita yao, kizazi kizima kingezikwa kimya. Waliimba wakiwa wakimbizi. Tena waliimba hadharani, kwa jina la Yesu, na kesho yao haijulikani. Hiyo ndiyo imani ninayoitaka kwangu na kwenu.

Shahidi wa pili yuko mbele kidogo. Anayepanda treni ya Mpanda hapa Kaliua, kisha akaendelea hadi Ziwa Tanganyika, atafika Karema. Huko alifanya kazi Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, naye akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Angeweza kutumia maisha yote kuhesabu alichonyang'anywa. Alitumia miaka sitini na saba kuwatibu wagonjwa wasio ndugu zake. Shukrani yake ilikuwa kazi, na wagonjwa waliigusa kwa mikono yao.

Yupo atakayenijibu kwamba Bwana mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, ametuonya tusifanye sala na sadaka ili tuonwe na watu. Ni kweli, na onyo hilo litushike. Lakini sura ya 5 ya Injili hiyo hiyo inatutaka nuru yetu ionekane. Hapo hakuna ugomvi. Tunakatazwa kutafuta sifa yetu. Kuonekana kwa matendo mema hatukukatazwa. Anayenyanyua mikono kanisani Jumapili, kisha Jumatatu akaficha majani mabovu katikati ya robota ili uzito uongezeke, huyo ndiye anayeifanya imani kuwa maonyesho. Robota safi, lenye daraja lake halisi, linamshuhudia Kristo mbele ya karani na mbele ya chama cha msingi kizima. Na yule baba anayepokea malipo halafu akapotea mjini hadi fedha ziishe, huku mama na watoto waliochuma na kufunga majani wakikosa hata daftari, asituambie kwamba anamtumaini Mungu. Kwanza arudi nyumbani.

Wala kuishi imani waziwazi si kumdharau jirani Mwislamu. Njia ile ya misafara kutoka Bagamoyo ilileta huku Uislamu, ikaleta na Injili. Mwaka 1879 wamisionari kutoka London walipokelewa Urambo na Mtemi Mirambo, ambaye hakuwa Mkristo. Tumezikana na kuoana kwa vizazi vingi. Mkristo anayeomba kabla ya kula mbele ya jirani yake, na kesho akamsaidia kumwuguza mzazi wake, hamchukizi mtu.

Kumtumaini Mungu nako kusigeuzwe kuwa kukaa mikono kifuani. Aliyefyeka msitu Ulyankulu alitumaini akiwa na shoka mkononi. Basi tupande miti badala ya ile tunayochoma mabanini, tuweke mahindi ya kutosha kabla ya kuuza, tulipe madeni.

Na shukrani ya mwaka huu tuitoe sasa, soko likiwa bado halijafunguliwa. Mwenye kuku atoe kuku, mwenye debe la mahindi atoe debe. Asiye na kitu asimame mbele ya kusanyiko aseme alivyolindwa msimu huu, kisha akamtembelee mjane aliye mtaani kwake na kumchotea maji.