Malezi ya Jicho la Mwanasayansi

Mwanafunzi huanza kufikiri kisayansi siku anapopewa ua mkononi, akalipasua mwenyewe, akahesabu stameni zake, kisha akaulizwa ameona nini. Hivyo ndivyo alivyofundisha John Stevens Henslow, aliyekuwa profesa wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tangu mwaka 1825. Somo lake halikutahiniwa wakati huo. Aliyehudhuria alihudhuria kwa kupenda. Henslow alitundika ukutani michoro mikubwa ya mimea na kuweka maua mezani ili kila mmoja apasue la kwake. Mara nyingine aliwatoa vijana darasani kwenda mashambani na vinamasini, kwa miguu, kwa gari la farasi au kwa mashua, na kila mmea adimu waliouona njiani ukawa somo.

Miongoni mwao alikuwapo Charles Darwin, aliyefika Cambridge mwaka 1828 baada ya kuacha masomo ya udaktari, akiandaliwa kuwa kasisi. Aliandamana na mwalimu wake mno hata wakubwa wa chuo wakamtambua kama yule kijana anayetembea na Henslow.

Siku moja kijana huyo aliziweka chembe za chavua mahali penye unyevu, akazitazama, akaona mirija imechomoza kutoka ndani yake. Alidhani amegundua jambo jipya kabisa. Akatoka mbio kwenda kumpasha habari profesa. Jambo lenyewe lilikuwa limekwishajulikana kwa wataalamu, na mwalimu mwenye kujivuna angelimcheka au angelimwambia asome vitabu kwanza. Henslow alikubali kwamba jambo hilo ni la ajabu kweli, akamweleza maana yake, kisha akamfahamisha kwa upole kuwa wengine walikwisha kuliona. Darwin aliandika uzeeni kwamba aliondoka bila kuumia moyo, akifurahi kuwa amelivumbua kwa juhudi yake, ila ameazimia asiwe tena na haraka ya kutangaza uvumbuzi wake. Ndani ya mazungumzo mafupi kama hayo kijana alipata mambo mawili ambayo ni vigumu kuyapata pamoja: ujasiri wa kuangalia mwenyewe na subira ya kuhakikisha. Mwalimu anayemfedhehesha mwanafunzi mbele ya wenzake kwa kugundua kinachojulikana hana budi kutambua kwamba huenda anauzima moto ambao hataweza kuuwasha tena.

Mwezi wa Agosti 1831 Henslow alimwandikia Darwin, aliyekuwa na umri wa miaka 22, kumjulisha nafasi ya safari katika meli Beagle. Hakumsifu kupita kiasi. Alisema wazi kwamba hamhesabu kuwa mtaalamu aliyekamilika, lakini anamwona anafaa sana kukusanya, kutazama na kuandika chochote kilicho kipya. Alimshauri pia asome kitabu kipya cha jiolojia cha Charles Lyell, ila asiyakubali maoni yaliyomo. Kwa karibu miaka mitano Darwin alimpelekea masanduku ya mimea, mawe na wanyama, naye Henslow akayapokea, akayatunza, na kumwonya pale kazi ilipolegea: asilete vipande vipande vya mmea, alete mmea kamili wenye mizizi, majani na maua. Onyo hilo ni dogo, lakini ndilo linalotenganisha ushahidi na takataka.

Henslow mwenyewe alikuwa amelishika swali zito. Alikusanya mimea ya Uingereza, akaikausha na kuibandika kwenye zaidi ya karatasi 3,600. Katika karatasi nyingi aliweka pamoja mimea kadhaa ya aina moja, mirefu kwa mifupi, kutoka mahali mbalimbali, ili ajue aina moja yaweza kubadilika kadiri gani na mpaka wake uko wapi. Aliamini mpaka huo upo. Mwanafunzi wake alilichukua swali lile lile akafika kwingine, na mwaka 1859 akachapisha kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe. Henslow hakuikubali nadharia ya kitabu hicho, lakini mwaka uliofuata alikiongoza kikao maarufu cha Oxford kilichoijadili, na urafiki wao haukuvunjika hadi alipofariki mwaka 1861. Walimu wanaodai wanafunzi wao wakariri hitimisho la mwalimu waupime mfano huu: alichorithisha Henslow ni njia ya kutazama, na njia hiyo ilimwezesha mwanafunzi kumpita.

Chuoni sipo mahali pekee alipofundisha. Mwaka 1837 alipewa parokia ya Hitcham, kijiji cha Suffolk. Mwaka 1843 aliwaandikia wakulima wa huko barua akiwahimiza wafanye majaribio mashambani mwao, likiwamo la kutia jasi kwenye marundo ya samadi ili amonia isipotee hewani. Alitaka wapime wao wenyewe badala ya kuamini maneno ya wasomi. Katika shule ya kijiji aliwafundisha watoto wa vibarua kuchuma maua ya porini, kuyapasua na kujaza jedwali: petali ngapi, stameni ngapi, zimeshikana au zimeachana.

Kazi hiyo haikuhitaji maabara, na shule isiyo na hadubini leo haina udhuru. Mpapai wa uani watosha kuanzia. Mtoto alinganishe ua la mpapai dume na la mpapai jike, ahesabu, achore, aandike, kabla hajaambiwa jibu.

Maandishi ya masomo ya mimea ambayo Henslow aliyaacha bila kuyachapisha yalimfikia mtaalamu wa mimea Daniel Oliver. Yeye aliyatumia katika kitabu cha masomo ya awali ya mimea kilichotoka mwaka 1864, na jedwali lililojazwa na watoto wa Hitcham likaanza kujazwa katika madarasa mengine.