Kabla ya Kununua Mchezo, Uliza Utaisha Lini

Ukimwona kijana wako amekaa mbele ya kompyuta hadi majogoo, usikimbilie kuilaumu kompyuta. Wala usiishutumu michezo yote kwa jumla, maana michezo ya kompyuta haifanani, kama vile vyakula visivyofanana. Kuna mchezo unaokwisha na kuna mchezo usiokwisha. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tofauti ambayo kila mwenye kujali afya yake anafaa kuipima kabla ya kutoa hata senti moja. La kusikitisha ni kwamba msimu wa punguzo la bei unapowadia, watu wengi hupima bei peke yake.

Tuanze na yale yanayojulikana kitabibu. Mwezi wa Mei 2019, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, nalo likaanza kutumika Januari 1, 2022. Ndani yake mmetajwa uraibu wa michezo ya kielektroniki. Dalili kuu ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea kucheza hata baada ya kuona madhara. Tena sharti hali hiyo iwe imevuruga masomo, kazi au uhusiano wake na watu, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 hivi. Kwa hivyo kijana aliyekesha Jumamosi moja si mgonjwa. Ana usingizi tu. Lakini yule aliyeacha kuoga, akaacha kula pamoja na jamaa zake na kufeli mitihani mwaka mzima, huyo anahitaji daktari wala si viboko.

Huenda ukashangaa nikikuambia kwamba mazungumzo haya yanahusu pia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Sababu ni hii. Kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mjini hapa nyumba nyingi zina kompyuta za mitumba za umri huo. Mwenye kompyuta kama hiyo anaweza kuitupa, kununua nyingine, au kuiwekea Linux bila ya kulipa chochote.

Zamani aliyeweka Linux alikuwa kama ameapa kutocheza tena. Mambo yamebadilika. Programu iitwayo Wine, ambayo kazi yake ilianza mwaka wa 1993, huiwezesha Linux kuendesha programu zilizotungiwa Windows. Kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la michezo la Steam, ilileta duka hilo kwenye Linux mwaka wa 2013. Agosti 2018 ikaongeza Proton, iliyojengwa juu ya Wine. Mwaka wa 2022 ikaanza kuuza mashine yake ya mkononi, Steam Deck, ambayo nayo huendeshwa kwa Linux. Leo maelfu ya michezo huchezeka humo, na mara nyingi kazi yako ni kubonyeza na kungoja.

Ila si yote. Michezo kadhaa ya mashindano kupitia intaneti huwa na askari wake, yaani programu ya kuwanasa wadanganyifu, ambayo hupenya hadi kwenye kiini cha Windows na kukataa kufanya kazi penginepo. Valorant na Fortnite zilikuwa bado hazichezeki kwenye Linux mwaka wa 2025. Apex Legends, iliyokuwa ikichezeka, ilifungiwa mlango mwishoni mwa 2024. Wapenzi wa michezo hulalamika sana, na wana haki, maana pesa zao walikwisha kuzitumia. Mimi kwa upande wangu sikusikitika. Hiyo ni michezo isiyokwisha: duru moja ikimalizika nyingine imekwisha kuandaliwa, wenzako wanakungoja, na kuna zawadi ambayo hutoweka usipoingia kabla ya msimu kupita. Hata hivyo, mzazi asije akadhani kwamba Linux ni dawa. Dota 2 na Counter-Strike 2 zinachezeka humo bila ya taabu, na zinaweza kumkesha mtu kama nyingine yoyote.

Sasa niseme ninaloliunga mkono. Kuna jamii ya michezo ambayo nitaiita michezo ya mdundo. Muziki unapigwa, nawe unabonyeza kitufe sawasawa na pigo. Mingi haihitaji kompyuta yenye nguvu, na nyimbo zake nyingi ni za dakika chache. Wimbo ukiisha, mchezo umenyamaza. Ukimya huo mfupi ndio ninaoutaka, kwani hapo ndipo mtu hupata nafasi ya kujiuliza kama amekunywa maji, kama amechelewa kulala, kama sufuria iko jikoni. Katika michezo ya vita nafasi kama hiyo huwa adimu.

Mathalani, Rhythm Doctor, ulioanza kuuzwa mwaka wa 2021 kabla haujakamilika, ni wa hospitalini. Mgonjwa amelazwa, moyo wake unapiga, nawe unatakiwa kubonyeza kitufe kimoja tu kwenye pigo la saba. (Daktari wa kweli hafanyi hivyo, usije ukaijaribu kwa shangazi.) A Dance of Fire and Ice, wa mwaka wa 2019, una sayari mbili zinazozungukana njiani, nao pia ni wa kitufe kimoja. Katika Crypt of the NecroDancer wa mwaka wa 2015, uliotolewa na toleo la Linux tangu mwanzo, unatembea pangoni kwa kufuata ngoma, na wimbo ukiisha kabla hujapata mlango, unaangushwa kwenda ghorofa ya chini.

Watu huniuliza kama kuna faida yoyote ya kiafya katika kubonyeza kitufe. Sitaki kuipamba. Mtu hatapungua uzani kwa kidole. Lakini sikio linalojua kushika mwendo lina matumizi yake. Moyo wa mtu uliposimama, msaidizi hutakiwa kubana katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Wakufunzi wa huduma ya kwanza huwafundisha watu mwendo huo kwa kuwataka wakumbuke wimbo wenye mapigo kama hayo, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu hubana ovyo, mara mbio, mara polepole.

Madhara nayo yapo, na si haki kuyaficha. Mfano ni osu!, mchezo wa bure ulioanzishwa mwaka wa 2007 na Dean Herbert wa Australia, ambao toleo lake jipya lina nakala ya Linux. Hapo nyimbo ni nyingi ajabu, wachezaji wamepangwa kwa ngazi duniani kote, na kitufe cha kurudia kiko karibu na kidole. Wimbo unakwisha, ndiyo, lakini mtu huurudia mara arobaini akitafuta alama mbili zaidi. Vidole vinavyogonga upesi kwa muda mrefu huchosha kano za kifundo cha mkono. Ukihisi ganzi kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, hasa usiku, au maumivu yanayopanda kuelekea kiwiko, acha kucheza siku kadhaa. Yasipoondoka, nenda ukapimwe. Kujikaza hakusaidii. Kwenye Linux kuna programu ya bure iitwayo Workrave ambayo hukukumbusha kupumzika na kukuonyesha jinsi ya kunyoosha mikono. Inaudhi, na hapo ndipo penye faida yake.

Masikio ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Michezo hii huchezwa kwa hedifoni, na mchezaji akikosa pigo hudhani dawa ni kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila ya hatari kubwa. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa juma. Ukitoka mchezoni na masikio yanavuma, umepita mpaka. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena.

Tena mara nyingi kosa si la sikio. Hedifoni zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, na katika mchezo wa mdundo hata sehemu ya kumi ya sekunde ni nyingi. Chukua hedifoni za waya, ambazo hata bei yake ni ya chini, kisha uingie kwenye mipangilio ya mchezo penye sehemu ya kulinganisha sauti na picha. Fanya hivyo kabla ya kuilaumu Linux.

Jambo jingine linahusu wenye kifafa. Desemba 16, 1997, nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya filamu ya katuni ya Pokémon kuonyesha mwanga mwekundu na wa buluu uliomweka kwa kasi. Mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa kwa wachache wenye mwili wa namna hiyo, na wengine hawajijui mpaka siku ya kwanza. Michezo ya mdundo hupenda sana taa za aina hiyo. Soma onyo la mwanzoni, tafuta sehemu ya kupunguza mimweko, na usicheze gizani. Mtu akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, tazama saa, na degedege ikipita dakika tano mkimbize hospitalini.

Kuhusu macho nitasema kwa ufupi. Atazamaye kioo hupepesa kope mara chache, macho yakakauka. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Usingizi nao hauna mbadala: kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10.

Turudi dukani. Steam hufanya punguzo kubwa la bei kila msimu, mara nne kwa mwaka, na lile la katikati ya mwaka huanza kwa kawaida mwishoni mwa Juni, saa mbili usiku kwa saa zetu. Bei huonyeshwa kwa dola. Mchezo wa dola 20 ukipunguzwa kwa asilimia 75 unakuwa dola 5, yaani kama shilingi 650 hivi, na mtu anajiona ameokoa shilingi karibu 2,000. Ameokoa nini ikiwa hatauchezea? Wengi wana michezo mingi waliyoinunua namna hiyo na hawajaifungua hata siku moja. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwani kulikuwa na bei za saa chache tu, na watu waliamka usiku kuziwinda. Tangu punguzo la mwishoni mwa 2015 mtindo huo uliachwa, na bei ya siku ya kwanza kwa kawaida ndiyo ya siku ya mwisho. Kwa hivyo hakuna haja yoyote ya kununua usiku ule ule. Lala. Asubuhi bei iko pale pale, na huenda hamu ikawa imepungua.

Ukinunua, jua haki yako. Tangu Juni 2015 Steam hurudisha pesa ikiwa hazijapita siku 14 na hujacheza kwa zaidi ya saa mbili, hata kama sababu yako ni kwamba hukuupenda tu. Kwa mtumiaji wa Linux hiyo ni nafasi nzuri ya kujua kama mchezo unafanya kazi kwenye mashine yake. Ni nafasi nzuri pia ya kujipima mwenyewe. Zikipita saa mbili bila ya kujua zimekwendaje, hiyo ni habari muhimu kuliko habari za mashine.

Wenye watoto watumie Steam Families, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024. Jamaa sita wanaweza kuchangia michezo mingi, na mzazi anaweza kuweka idadi ya saa na wakati wa kucheza. Kaa na mtoto mkaweke pamoja. Akiwekewa kwa siri atatafuta njia ya kuvunja kufuli, na watoto wanaojua Linux huipata.

Nimalizie na mchezo ambao ningependa kuuona katika nyumba nyingi zaidi. Mwaka wa 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution, unaochezwa kwa miguu juu ya jukwaa lenye mishale. Mwaka wa 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani lilitangaza mpango wa kuupeleka katika shule zake zote 765 za umma ili kupambana na unene wa watoto. Kwenye Linux kuna StepMania, programu ya bure ya namna hiyo hiyo, na kinachohitajika zaidi ni mkeka wa kuchezea unaochomekwa kwenye kompyuta. Dakika kumi zinatosha kutoa jasho. Anza na nyimbo za polepole, vua soksi zinazoteleza, na mwenye ugonjwa wa moyo au magoti amwone daktari kwanza. Mnaoishi katika nyumba za ghorofa, mzungumze na jirani wa chini kuhusu saa mtakazocheza.