Hakususa, alishindwa kumeza

Miongoni mwa haki za Muislamu kwa nduguye ni kutembelewa anapougua, na sisi wa kamati ya msikiti hapa Mpanda tumejitahidi kuitimiza. Lakini tunakiri: zipo nyumba tulizoingia na sukari na mchele, tukaomba dua, tukatoka, pasina kuuliza kwa nini mgonjwa alikuwa akitema mate kwenye kopo badala ya kuyameza.

Nyumba moja tuliambiwa kijana amesusa chakula. Hakususa, kila tonge lilimchoma nyuma ya kifua. Wazee walikwishapanga akatwe kimeo.

Maumivu ya kumeza kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofu, iwe kwa VVU, kwa dawa za saratani au kwa kisukari kisichodhibitiwa, mara nyingi husababishwa na fangasi walioenea hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula. Utando mweupe ulimini ni ishara, ingawa kinywa huweza kuwa safi na umio ukaugua. Kwa mwenye VVU, Shirika la Afya Duniani huihesabu hali hii katika hatua ya 4, iliyo ya mwisho. Kimeo hakihusiki, na wembe humwongezea damu kutoka na maambukizi.

Dawa ipo: vidonge vya flukonazo, kwa kawaida siku 14 hadi 21, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki ya kwanza. Visinunuliwe kiholela dukani, kwani hugongana na baadhi ya dawa, zikiwemo za kifua kikuu, na mjamzito ana tahadhari yake. Asiyepata nafuu arudi hospitali. Huenda ni vidonda vya virusi. Mwenye VVU asiache dawa zake, la sivyo fangasi hurejea.

Nyumbani apewe kidogo kidogo, akiwa ameketi: uji wa mchele na karanga zilizosagwa, uliopoa, mtindi, mgebuka aliyetolewa miiba akapondwa, bila pilipili wala ndimu. Asiyeweza kumeza hata maji asingojewe mpaka asubuhi. Na mchana wa Ramadhani asione haya kula. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Surat al-Baqara.

Kijana yule alipelekwa hospitali siku ile ile kwa bajaji ya mjumbe wetu mmoja. Kimeo chake anacho. Nasi siku hizi, kabla ya dua, tunauliza: unameza?